Tupeane uzoefu: sikukuu ndogo ya nyumbani, nyinyi mliifanyaje?

Mama Kawempe
Hamjambo wapendwa. Mwaka huu sisi Krismasi tunaila hapa hapa Kampala, Arua hatuendi. Nauli ya basi nikipiga mara watu watano kwenda na kurudi, na bei zenyewe mnajua desemba zinavyopanda, nakuta ni fizi (ada) ya mtoto mmoja na shule zinafunguliwa februari. Baba yao naye ni askari wa getini, tarehe 25 yuko kazini mpaka saa kumi na mbili jioni. Watoto nishawaambia, mkubwa alinyamaza, mdogo akauliza sasa Krismasi itatukuta wapi kama hatuko kwa bibi. Hilo swali limenikaa moyoni mpaka leo. Tunakaa muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, sigiri moja ya makaa, bajeti laki moja na nusu na isizidi. Naomba yule aliyefanya mwenyewe sikukuu ndogo nyumbani na ikanoga atuambie alifanyaje.

Bibi wa Askari, Jinja
Dada pole, hiyo ya zamu naijua. Mume wangu krismasi mbili mfululizo alikua lindo. Ya kwanza tulikula bila yeye, tukamwekea sahani, akarudi amechoka akala chakula baridi peke yake watoto wamelala, kwa kweli niliumia. Ya pili tukahamisha. Tarehe 25 tulienda kanisani tukarudi tukanywa chai na mandazi basi, kupika kote tukapeleka 26 maana nayo ni sikukuu na yeye alikua ofu. Ila waambie watoto mapema, hesabuni siku pamoja, usije ukawashtukiza asubuhi ile wakati wanasikia harufu ya pilau ya jirani.

Mpishi wa Masaka
Mama Kawempe na sigiri yako moja mi nakwambia pika luwombo, kuku wa kufungwa kwenye jani la mgomba. Wazee wa Buganda wanasema ilianzia jikoni kwa mfalme wao Kabaka Mwanga mwaka 1887, lakini haitaki jiko la kifalme, inataka sufuria moja kubwa na subira. Kuku mmoja wa kienyeji mkate vipande, mkaushe kidogo juu ya makaa apate ule moshi. Jani la mgomba chagua changa lisilochanika, toa ule uti wa kati kwa kisu taratibu, alafu lipitishe juu ya moto mpaka lilainike ling'ae, ukiruka hapo litapasuka mchuzi wote umwagike. Weka kipande cha kuku, karanga ya kusaga uliyokoroga na maji, nyanya, kitunguu, chumvi, funga kwa kamba ya mgomba. Chini ya sufuria panga vigogo vya majani ndio maji yawe chini na vifurushi vikae juu kwa mvuke, funika na majani mengine, masaa matatu hivi moto wa pole. Na juu ya hivyo vifurushi unaweka matoke yako yameviringwa kwenye jani, vyote vinaiva pamoja kwa mkaa ule ule.

Sasa uzoefu wangu ni huu, mwaka niliokua sina kitu nilifunga vifurushi vinne, kila mtoto na cha kwake, nikachora alama kwenye kila kimoja. Kuku alikua mdogo lakini kila mtu alifungua mzigo wake mwenyewe ule mvuke ukampiga usoni, mpaka leo wamekua watu wazima wananiuliza mama lini tena vile vyetu.

Binti Bombo
Mi ni Mnubi, yangu ni Idi. Mwaka 2020 misikiti ilikua imefungwa toka machi, Idi ikaangukia tarehe 24 mei tuko ndani. Sisi Bombo Idi ni kutoka nyumba hadi nyumba, sasa unatoka wapi? Baba akatandika mikeka uani akatuswalisha yeye, mzee wangu sikuwahi kumsikia akiswalisha maishani, sauti ilitetemeka kwenye takbira za mwanzo. Mama akatoa zile kawa alizosuka mwenyewe ambazo huwa ni za wageni, akafunikia gurusa, ule mkate wetu, na mchuzi wetu sisi watu sita tu. Nikamuuliza mbona unatoa za wageni, akasema leo wageni ni nyinyi. Kwahiyo dada kama una kitu kizuri umekiweka kabatini, kitoe.

Papa Nakivale
Huku kambi ya wakimbizi Noeli tunapika nyumba nne pamoja. Mmoja analeta sombe, yaani kisamvu, mmoja mawese, mwingine unga wa bugali, mimi kuni na sufuria. Peke yako huwezi, mgao ulishapungua. Ita jirani mmoja dada, asiyekua na mtu.

Msomaji wa Mubende
2022 sisi na wilaya jirani ya Kassanda tulifungiwa kwa sababu ya ebola, wakatufungulia tarehe 17 desemba, siku nane kabla ya krismasi na biashara ilishakufa. Nyama hatukununua. Tulichoma mahindi na viazi vya shambani, alafu tukapigia simu jamaa wote mmoja mmoja, spika iko katikati, kila mtoto anasalimia. Shangazi alipopokea akalia, alifikiri tunampigia kwa msiba. Mpigieni bibi wa Arua hivyo hivyo, mkiwa mmeshakaa mezani, sio mkimaliza.

Mama Kawempe
Nimesoma zote nikamsomea na baba yao usiku. Tumeamua 26 kama alivyosema dada wa Jinja, vifurushi sita, watano sisi na cha sita cha mzee wa chumba cha pili ambae mke wake alifariki mwezi wa tisa. Kuku nimeulizia ni elfu arobaini na tano. Bibi tutampigia kabla ya kufungua majani. Mdogo ameshaanza kuchora alama yake kwa makaa ukutani, ni samaki. Mpishi wa Masaka, hapa Kawempe majani mazuri yasiyochanika nanunua ya lini, siku ile ile ama usiku wa kuamkia?

Mpishi wa Masaka
Usiku wa kuamkia, uyalaze kwenye maji. Nunua kumi, mawili yatakupasukia.