Tupeane uzoefu: ndege ndogo za Tanga, Pemba na Unguja

Assalaam alaykum wana Tanga, na habari za jioni kwa wote. Naomba tukusanye hapa habari za safari zetu za ndege ndogo kutoka uwanja wetu kwenda Pemba, Unguja na Dar. Wengi bado wanadhani ndege hizi ni za watalii na mabosi. Mimi sikubaliani kabisa. Hapa Tanga nyumba ngapi hazina ndugu Chake, Wete au Mkoani? Msiba ukitangazwa alfajiri, maziko ni siku hiyohiyo baada ya adhuhuri au alasiri, na boti haina safari kila siku.

Mama mkubwa alipofariki Chake, mama yangu alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani. Ukoo tukachanga nauli, akapakiwa asubuhi. Kuvuka mkondo wa Pemba hakukuchukua hata nusu saa. Akawahi kumuona dada yake kabla hajafunikwa uso. Nauli ilizidi ya boti kwa mbali, ndiyo, lakini hakuna aliyeinung'unikia shilingi ile.

Haya, karibuni. Uliyekwisha kupanda mwambie ambaye bado.

Mama wa Chumbageni

Mimi niseme la mizani, maana ndilo linalowaudhi kina mama. Ukifika kaunta unapimwa wewe na begi lako, mbele za watu. Nilipokuwa kwenye foleni kuna bibi mmoja aligoma kabisa kupanda. Dada wa kaunta akasogea, akamgeuzia mizani upande wa ukutani, akainama akasoma mshale na kuandika kwenye karatasi bila kutamka namba. Bibi akashuka roho imetulia. Adabu ile naikumbuka mpaka leo, na natamani kila kaunta ifanye vile.

Kupima kwenyewe kuna sababu. Zile Cessna Caravan zina injini moja na pangaboi moja puani, na zinachukua abiria kumi na wachache tu. Ikiwa imejaa watu, mizigo na mafuta, uzito wote wa kurukia ni takriban tani 4, basi. Rubani anatakiwa ajue pia uzito umekaa wapi. Ukilemea nyuma kupita kiasi, ndege inakuwa ngumu kuiongoza, ndiyo maana unaambiwa "wewe njoo mbele, wewe rudi nyuma" na hakuna kuchagua kiti. Na joto nalo lina mambo yake: hewa ya moto ni nyepesi, mabawa yanapata nguvu pungufu, ndege inahitaji njia ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Kwa hiyo mchana wa jua kali wakikwambia sanduku la pili libaki, usidhani umeonewa.

Kawaida mzigo ni kilo 15, na wanataka begi laini. Sanduku gumu halikunjiki kwenye lile tumbo la ndege.

Mpemba wa Ngamiani

Mama wa Chumbageni umesema vizuri. Mimi naongeza upande wa kutoka kisiwani. Uwanja wa Pemba begi linafunguliwa na kukaguliwa, na kitu cha kwanza kinachotafutwa ni karafuu. Kwa sheria ya Zanzibar karafuu inanunuliwa na shirika la serikali, ZSTC, na kuitoa kisiwani kinyemela ni magendo.

Shangazi yangu alifungasha za kutilia chai tu, akazizungushia kanga mbili, akaweka katikati ya nguo. Ofisa hata hakupekua. Alifungua zipu, harufu ikamfikia. "Bibi, hizi zibaki nyumbani." Shangazi akanipa nirudi nazo, nikamsindikiza kwa macho. Mwambieni kila mgeni anayekwenda kusalimia: pokea zawadi zote, karafuu shukuru kwa mdomo. Doriani nayo usihangaike, harufu yake hakuna atakayeipandisha kwenye chumba kidogo kama kile.

Na kitambulisho muwe nacho mkononi. Nchi ni moja, lakini utaulizwa.

Wa Pangani

Wanaoogopa kutikisika: pandeni ya asubuhi. Nchi kavu ikishapata jua, hewa ya moto inapanda juu na ndege inarukaruka, hasa ikikaribia kutua. Juu ya bahari hutulia. Mimi nilikalishwa pembeni ya rubani, maana kiti kile hupewa abiria. Mwanzoni nilishika magoti yangu kwa nguvu zote. Rubani alikuwa amegeuka kabla ya kuondoka, akatueleza yeye mwenyewe mkanda, mlango na koti la kuokolea liliko. Huyo aliyetueleza ndiye huyo anayeendesha, namuona mikono yake, hofu ikapungua.

Halafu nikaiona Pangani yetu kutoka juu. Mto unamwaga maji ya udongo baharini na mpaka wa rangi unaonekana wazi, kahawia huku, buluu kule. Mbele kidogo Maziwe, mchanga mweupe peke yake katikati ya maji. Nimezaliwa pale na sikuwahi kujua tunakaa mahali pazuri namna ile.

Mfanyabiashara, Raskazone

Nyie mnasifia, mimi nina la kuonya. Ndege hizi zinashusha na kupakia njiani kama daladala: Pemba, Unguja, ndipo Dar. Wingu likikaa Pemba, wa Dar naye anachelewa. Siku moja nilikuwa na tiketi ya ndege kubwa ya nje jioni hiyohiyo. Kampuni ikasogeza safari, haikupiga simu, nikajulia uwanjani. Na pale Dar ndege ndogo zinatua Teminali ya Kwanza, za nje zinaondokea Teminali ya Tatu, ile iliyofunguliwa 2019. Huwezi kuvuka kwa miguu na mizigo, unatafuta gari. Ndege yangu iliondoka bila mimi.

Mwenye safari ya nje aingie Dar jana yake. Na kampuni ziwapigie watu simu. Namba zetu tunawaachia wakati wa kukata tiketi.

Mzee wa Makorora

Wajukuu, msidhani ndege Tanga zimeanza juzi. Enzi za East African Airways tulikuwa tunaziona zikitua hapa, na jumuiya ilipovunjika 1977 likaja shirika letu, Air Tanzania. Watu wa mkonge walisafiri sana. Mimi nilikuwa nabeba mizigo ya abiria, sikupanda. Mwaka huu mjukuu amenikatia tiketi ya Unguja. Nimekaa dirishani, nimeyaona mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, nikamwonyesha palipokuwa kambi yetu.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee wangu, na Mungu akuzidishie umri. Jamani tusiishie hapa. Kuna mama wa Mkinga ameniandikia pembeni, mumewe hawezi kukaa muda mrefu na anatakiwa kupelekwa kwa ndugu zake Wete. Mliosafiri na mgonjwa kwa ndege hizi, mlimpandishaje zile ngazi, mlikata viti vingapi, na karatasi ya daktari iliulizwa wapi? Andikeni usiku huu kama mnaweza, anataka kuondoka wiki hii.