Msaada: kadi za org-drill zimefunika ajenda yangu ya Emacs, na marudio hayapungui

MwandikaUsiku
Wakuu, habari za saa hizi. Nina miaka miwili na Emacs (kihariri cha maandishi), na kila kitu changu kiko kwenye faili za Org, mfumo wa kupanga mambo ndani ya Emacs: kazi, miadi, maelezo ya masomo. Sasa najifunza Kijerumani. Nikaona hakuna haja ya kufungua programu ya pembeni wakati kadi naweza kuziandika humo humo, nikaweka org-drill, nyongeza ya kurudia kadi za kujifunzia. Siku ile ile nikageuza orodha yangu ya maneno kama 400 kuwa kadi, kila kichwa nikakibandika tagi ya :drill:.

Wiki mbili za mwanzo nilifurahi sana. Sasa nimekwama.

Nikifungua ajenda asubuhi, nakuta mistari ya kadi imejaa hadi miadi yangu halisi haionekani. Juzi tarehe ya kuwasilisha kazi imenipita kwa sababu hiyo, na imeniuma. Halafu kila kipindi cha marudio kinakatika kwenye kadi ya 30, ilhali zilizochelewa ni zaidi ya 200. Kubwa zaidi, kadi najipa alama 4 na 5, lakini nikikutana na neno lile lile kwenye maandishi silikumbuki kabisa.

Kadi zangu ziko hivi:

* Löffel - kijiko :drill:
Taja neno na maana yake.

Nimesoma kwamba org-drill inatumia algoriti ya SM5 (kanuni ya kupanga tarehe za marudio) usipobadilisha kitu. Je, nihamie nyingine, SM2? Au niachane na Emacs kwenye jambo hili?

FailiMoja
Mkuu, pole kwa kazi iliyokupita. Algoriti iache kama ilivyo, haina kosa. Tuanze na hiyo kadi yenyewe.

Kichwa chako kina swali na jibu pamoja. Org-drill haifichi vichwa mpaka uiambie, kwa hiyo kila kadi inapokuja unasoma "kijiko" kabla hujafikiri lolote. Hapo unatambua tu kitu kilicho mbele ya macho, hujakumbuka. Kisha unajipa 5, programu inakuamini, inaisukuma kadi mbele kwa majuma. Alama 0 hadi 2 ni kushindwa, 3 hadi 5 ni kufaulu, na tarehe zote zinajengwa juu ya alama hizo. Ukiilisha alama zisizo za kweli, SM5, SM2 au nyingine yoyote itakurudishia ratiba isiyo ya kweli.

Weka org-drill-hide-item-headings-p iwe t (yaani ndiyo) ili vichwa vifichwe, kisha andika kadi zako upya namna hii:

* Neno :drill:
:PROPERTIES:
:DRILL_CARD_TYPE: twosided
:END:
** Kijerumani
der Löffel
** Kiswahili
kijiko

Aina hii huonyesha upande mmoja kwa bahati nasibu na kuficha wa pili, kwa hiyo utaulizwa kutoka Kijerumani na kutoka Kiswahili pia. Na tafadhali andika "der" pamoja na neno. Ukijifunza nomino ya Kijerumani bila kibainishi chake utakuja kujifunza mara ya pili, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Kuhusu ajenda: org-drill huandika tarehe ya marudio kama SCHEDULED, alama ile ile ambayo Org hutumia kwa kazi zako. Ajenda haina namna ya kujua kwamba hii ni kadi na ile ni kazi. Mimi kadi zangu zote ziko kwenye folda yake peke yake, na folda hiyo haimo kwenye org-agenda-files, orodha ya faili ambazo ajenda husoma. Ukishazihamisha, weka org-drill-scope iwe directory, ndipo amri ya M-x org-drill itapitia faili zote zilizo kwenye folda ya faili uliyoifungua. Fanya hilo leo leo kabla hujapitwa na tarehe nyingine.

Kipindi kukatika: kuna mipaka miwili, kadi 30 au dakika 20, unaotangulia kufika ndio unaokata. Majina yake ni org-drill-maximum-items-per-session na org-drill-maximum-duration. Unaweza kuiweka nil (yaani hakuna) ikaondoka, ila mimi nisingeiondoa. Fanya kipindi kimoja asubuhi, kingine jioni. Baada ya dakika 20 alama unazojipa huanza kuwa za uchovu.

KadiNaKalamu
Naunga mkono. Naongeza moja: maneno 400 uliyaingiza siku moja, na ukiyapa alama zinazofanana yatatembea kama kundi, yakirudi yanarudi yote. Washa org-drill-add-random-noise-to-intervals-p. Inayumbisha vipindi kidogo ili kadi zitawanyike. Na usiandike kadi mpya hata moja mpaka hizo 200 zilizochelewa zipungue.

Njiani_Daima
Mimi nina maoni tofauti kidogo. Org-drill ni nzuri ukiwa mbele ya kompyuta. Muda wangu wa kurudia ni nikiwa kwenye foleni au kwenye usafiri, na humo Emacs sina. Kwa hiyo naandika kadi kwenye Org, halafu natumia anki-editor, nyongeza ya Emacs, kuzisukuma kwenye Anki, programu ya kadi iliyopo pia kwenye simu. Unaweka sifa za ANKI_DECK na ANKI_NOTE_TYPE kwenye kichwa, Anki iwe wazi na nyongeza ya AnkiConnect imewekwa (inasikiliza kwenye mlango wa 8765), kisha unaita anki-editor-push-notes. Tarehe zinakaa Anki, kwa hiyo tatizo la ajenda linaisha lenyewe. Na tangu toleo la 23.10 Anki ina FSRS, kanuni ya kupanga marudio inayoweza kurekebishwa kufuata historia yako mwenyewe ya marudio.

FailiMoja
Ni njia nzuri kwa anayerudia kwenye simu. Ila mwambie na upande wa pili, ndugu: safari ni ya kwenda tu. Ukirekebisha kadi ndani ya Anki, faili ya Org haijui, na ukisukuma tena marekebisho yako yanafutika. Ukifuta kichwa kwenye Org, kadi inabaki Anki. Kwangu mimi faili ndiyo asili ya kila kitu, na historia ya kila kadi naiona humo humo kwenye sifa zake.

Njiani_Daima
Kweli kabisa. Sheria yangu ni kurekebisha kwenye Org pekee. Nikiona kosa nikiwa njiani naitia kadi bendera, nikifika kwenye kompyuta nairekebisha.

MwandikaUsiku
Asanteni sana. Ni wiki tatu sasa. Ajenda imekuwa safi siku ile ile nilipohamisha faili. Kadi nimeziandika upya, na alama zangu zimeporomoka vibaya, nyingi zimerudi 1 na 2. Mwanzo nilivunjika moyo, lakini jana nimesoma ukurasa mzima na "Löffel" likanijia na "der" yake. Zilizochelewa zimebaki 60 hivi. Nimebaki na Emacs, kwa kuwa marudio yangu ni usiku mezani.

Swali la mwisho: kuna kadi kama nane nazishindwa kila siku. Nizifute?

KadiNaKalamu
Usizifute, zivunje. Kadi ikishindwa zaidi ya mara 15, org-drill huiita leech (ruba, yaani kadi sugu) na huanza kuiruka, kwa hiyo zishughulikie kabla hazijafika huko. Mara nyingi ni maneno mawili yanayofanana yanayogombana kichwani. Lichukue hilo neno uliweke ndani ya sentensi, ulizungushie mabano ya mraba ili lifichwe, na kidokezo ukiweke baada ya ||, hivi: Ich esse die Suppe mit dem [Löffel||kijiko].

MwandikaUsiku
Nimejaribu na mbili, zimekaa. Naendelea na sita zilizobaki.