Naomba ushauri: feni ya hita ya gari imekufa, nibadilishe kaboni (vile vipande vya kupitisha umeme ndani ya mota) au mota nzima?

Wakuu, heshima kwenu. Niko Njombe, na baridi ya mwezi wa saba huku mnaijua. Saa kumi na mbili asubuhi kioo cha mbele chote ukungu, naendesha huku nafuta kwa kitambaa.

Feni ya hita ilianza kulia kama panzi, kisha ikazima kabisa, namba zote 4 za kasi. Fyuzi nzima. Fundi akasema rezista (kile kifaa cha kupunguza kasi ya feni) ndiyo imekufa, nikanunua, wapi! Nijuavyo, kwa swichi hizi za kuzungusha, rezista ikifa namba ya mwisho huwa bado inapuliza. Hela ile nimeihesabu sadaka.

Jana nikafungua kiboksi cha mbele ya abiria, nikaweka testa kwenye plagi ya mota: umeme unafika. Nikaigonga mota kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka kama dakika 2, ikatoa harufu ya kuungua, ikalala. Plagi yenyewe imeyeyuka pembeni.

Nahisi kaboni zimeisha. Kuna aliyewahi kuzibadilisha zikadumu, au nitafute mota ya mtumba? Na hiyo plagi niikate kabisa niweke nyingine, nisije nikaunguza mota ya pili?