Majirani wa Kuze: sukari tuihesabu au tuiache?

*Mama Rukia:* Assalaam aleikum jamani. Anayetaka kupunguza mwili, ni lazima aandike gramu za sukari kila siku, au apunguze chakula tu?

*Salma wa Lishe:* Waaleikum salaam mamangu. Mwili hupungua ukila nishati chini ya ile unayotumia. Ukiwa unahesabu kalori zote, sukari imo humo humo, gramu 1 ni kalori 4, usiiandike mara ya pili. Asiyehesabu kalori, namshauri aandike sukari wiki mbili. Huku kwetu nyingi tunainywa, na kinywaji hakishibishi.

*Athumani:* Mwisho ni gramu ngapi?

*Salma wa Lishe:* Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unasema isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na chini ya 5 ni bora zaidi. Anayekula kalori 2,000 ni gramu 50, au 25 ukitaka ile bora. Anayekula 1,500 ni kama 37 na 19. Hapo inahesabiwa sukari ya kutiwa, asali, na juisi hata ukiikamua mwenyewe. Embe zima, ndizi na maziwa havimo.

*Bi Mwanakombo:* Asali nayo?

*Salma wa Lishe:* Nayo, Bi. Na juisi ya miwa zaidi, glasi ya robo lita hufika gramu 30 kwa urahisi. Tende nzima haimo, lakini tano ni karibu kalori 100, usizile ukizungumza.

*Athumani:* Wengi hukosea kijiko. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu ni gramu 4, cha kilima hufika 7. Vikombe 3 vya chai, vijiko 2 kila kimoja: mtu anaandika 24, kumbe amekunywa 42.

Dawa yake ni kopo. Jumatatu pima gramu 175, yaani 25 mara 7, utie kwenye kopo lako peke yako. Chai ipikwe bila sukari, kila mtu atie kikombeni mwake. Ukinywa soda ya mililita 300 huko nje, rudi utoe vijiko 8 vilivyosawazishwa koponi urudishe kwenye sukari ya nyumba. Usipotoa, kopo linakudanganya. Likiisha Alhamisi umeshajua, wala hukuhitaji programu ya simu.

*Mama Rukia:* Na mahamri?

*Bi Mwanakombo:* Mahamri msiyasingizie sukari. Nusu kilo ya unga, sukari gramu 100, yakitoka 20 kila moja lina gramu 5, kalori 20 tu. Unga wake ni kama kalori 90. Mafuta yapime kabla ya kukaanga na baada. Yakipungua gramu 100, kila hamri limenywa 5, hizo ni kalori 45. Tui sijalitia bado. Ukikata sukari nusu umeokoa kalori 10 kwa hamri. Ukila mawili badala ya manne umeokoa zaidi ya 300. Na mafuta yawe moto sawasawa, yakiwa vuguvugu hamri halifuri, linakaa karaini likinyonya.

Kaimati ndizo za kuhesabu sukari. Shira ya sukari gramu 250, ikibaki robo bakulini, robo tatu imeingia kaimati. Zikiwa 30, kila moja ina kama gramu 6.

*Salma wa Lishe:* Umemaliza, Bi. Ndiyo maana anayeandika sukari pekee, akaacha mafuta na ukubwa wa sahani ya wali wa nazi, mzani haumsogei.

*Ami Shee:* Na mwenye kisukari?

*Salma wa Lishe:* Ami, huyo hesabu yake ni nyingine. Wali, ugali, chapati, vyote hupandisha sukari ya damu, kwa hivyo anahesabu wanga wote. Na anayejidunga insulini au kumeza glibenclamide (vidonge vya kushusha sukari) asipunguze chakula kabla ya kuonana na daktari wake. Chakula kikipungua na dawa ikabaki ile ile, sukari hushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kipimo cha sukari ya damu kikisoma chini ya 4 (mmol/L), anywe vijiko 4 vya sukari vilivyosawazishwa ndani ya maji, apime tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

*Athumani:* Mtindi wa ladha je?

*Salma wa Lishe:* Soma mstari wa sukari ulio chini ya wanga. Safu ni ya gramu 100, kikombe kikiwa 250 zidisha kwa 2.5. Humo mna sukari ya maziwa yenyewe pia, kwa hivyo linganisha na mtindi usiotiwa kitu: kilichozidi ndicho kilichotiwa.

*Mama Rukia:* Nani ana mzani wa jikoni?

*Bi Mwanakombo:* Mimi ninao. Mtume mtoto baada ya Isha, aje na kopo lenyewe.

*Athumani:* Lipimwe tupu kwanza, ndipo sukari itiwe.