PlayStation ya bluu: ni ya wasanidi kweli au imepakwa rangi? Naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Nimepata PlayStation ya kwanza, kava lake la bluu badala ya lile la kijivu tulilozoea. Lebo ya chini inaanza na DTL-H, si SCPH kama mashine za madukani. Ninavyojua, za DTL-H zenye rangi ya bluu au kijani walipewa wasanidi kujaribia gemu kabla hazijatoka, na PlayStation nyeusi iitwayo Net Yaroze, DTL-H3000, ilikuwa ya wapenzi wa kutengeneza gemu nyumbani.

Shida ni kwamba lebo hubandikwa na kava hubadilishwa. Nimejaribu CD ya kunakili, ambayo mashine ya dukani huikataa, ikasoma bila kinyongo. Nikafurahi dakika mbili tu, maana hata mashine ya kawaida iliyochomekewa chipu hufanya hivyo hivyo! Halafu skrubu moja chini ina mikwaruzo, kama imeshafunguliwa na mtu mwenye haraka.

Nikiifungua, ukiacha waya na lehemu za kuongezwa, nitazame nini hasa kwenye bodi? Mwenye picha za ndani za mashine halisi anisaidie nilinganishe. Sitaki kuigusa kwa kubahatisha.