Karakana kumi, milango ileile: nibadilishe nini?

Chuma_Busia
Habari za kazi, wakubwa. Nina karakana ya kuchomelea vyuma hapa Busia upande wa Uganda, mashine moja na vijana wawili wanaojifunza. Barabara nzima tunatengeneza vitu vilevile: milango, madirisha, mageti. Mteja anauliza bei kwangu, anavuka kwa jirani, anarudi na bei ya chini, nami napunguza. Kazi haikosekani ila hela haionekani. Kila mtu ananiambia nifikirie tofauti, na wengine wanataka niuze mashine nifungue kibanda cha mobile money. Naomba kitu cha kuanza nacho Jumatatu. Ninachouza zaidi ni mlango wa 2100 kwa 900 (vipimo vyote ni milimita), skwea tyubu (bomba la pembe nne) 40x40 yenye unene wa 1.2, shiti (bati la chuma) upande mmoja. Fremu ya ukutani ni anglaini (chuma cha pembe) ya 50x50x5.

Linta
Ndugu, mashine usiiuze. Kwenye mobile money utakutana na majirani wengi zaidi, na kamisheni hupangi wewe.

Chukua daftari uandike yale ambayo barabara nzima mnayafanya bila mtu kuuliza sababu. Kwa mafundi vyuma mara nyingi ni haya: mlango unapimwa ukuta ukishasimama, kila mlango unaanzwa upya chini sakafuni, bei ni ya jirani ukitoa kidogo, vipande vinavyobaki ni skrepa, na bosi ndiye anayeshika kijiti cha kuchomelea siku nzima. Geuza moja tu, ulifanyie kazi mwezi mmoja. Ukigeuza yote kwa pamoja na mambo yakaharibika, hutajua lililokuumiza.

Mimi ningeanza na la kwanza, kwa sababu ndilo linalozaa vita vya bei. Mteja ambaye ukuta wake umekwisha ana tundu la ajabu ajabu na ana haraka ya kuhamia. Fundi yeyote anaweza kumpimia, basi kilichobaki cha kubishania ni shilingi. Mfuate mwashi kabla ukuta haujafika kwenye linta (boriti ya juu ya mlango), umwachie kadi yenye kipimo cha tundu: 940 kwa 2130. Hesabu yake ni hii: kila upande mwanya wa milimita 3, unene wa anglaini 5 na nafasi ya saruji 10, yaani 18. Mara mbili ni 36, ongeza 900 upate 936, unaipeleka 940. Urefu ni 2100, na 18 za juu, na 10 za chini ili mlango usikwaruze. Jumla 2128, andika 2130.

Urefu huo upimwe kutoka sakafu iliyokamilika. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa: mlango unapachikwa kabla ya saruji ya mwisho ya sakafu, sakafu inapanda sentimita 4, na mlango haufunguki tena. Iandike kwenye kadi kwa herufi kubwa.

Mwashi akishajenga kwa kipimo chako, mwenye nyumba anakuja kwako akiwa na tundu linaloingia mlango wako bila kupimwa upya.

Mshazari
Linta kasema vema, lakini kipimo kimoja bila meza ya kuungia hakitakuokoa.

Anza na ukataji. Skwea tyubu ni mita 6. Miguu miwili ya kusimama ya 2100 na vipande viwili vya 900 ni mita 6 kamili, na diski inakula milimita 3 hivi kila kata, kwa hiyo watu huishia kugusa tyubu ya pili. Vipande vya kulala vikate 820, viingie katikati ya miguu. 4200 na 1640 ni 5840, tyubu moja inatosha. Kipande cha katikati nacho ni 820, na tyubu moja nyingine inatoa saba, ya milango saba. Midomo ya miguu izibe juu na chini kwa vibati, la sivyo maji yanaingia na kutu inaanzia ndani usikoiona.

Kisha meza. Chomelea vipande vya anglaini kwenye pembe nne viwe vizuizi. Pima mshazari zote mbili, kona hadi kona ya mkabala: 2285 kila moja. Zikipishana kwa zaidi ya milimita 2, rekebisha vizuizi kabla ya kuunga mlango hata mmoja. Shika pembe zote kwa nukta ndogo za kuchomelea kwanza, halafu chomelea kwa kuvuka: juu kushoto, chini kulia, na kadhalika. Ukimaliza upande mmoja mfululizo, chuma kinapinda. Kwa unene wa 1.2 na kijiti cha 2.5 anzia ampea 60. Ukifika 90 unatoboa.

Kwenye meza hiyo kijana anayejifunza anaunga mlango ulionyooka, nawe unapata asubuhi za kwenda kwa waashi. Bosi asipotoka kwenye moshi, karakana haikui. Vijana wenyewe wapeleke kwenye upimaji wa Worker's PAS, ule wa ujuzi uliopatikana kazini, wanapimwa kwa kazi ya mikono bila kudaiwa cheti cha shule.

Chuma_Busia
Asanteni sana. Kesho nahesabu tyubu. Swali: nikiweka milango tayari si nitafunga hela? Na vile vipande vya shiti?

Mama Sigiri
Weka miwili tu, mwanangu. Ukiuza mmoja, utengeneze mmoja. Ipake redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo na uisimamishe juu ya mbao. Rangi ya mwisho achague mteja.

Shiti ni 2440 kwa 1220. Ukianza kukata 900 ya mlango kwa urefu, unabaki na ukanda wa 320. Kiwiliwili cha sigiri (jiko la makaa) chenye kipenyo cha sentimita 30 kinataka sentimita 94 za mzunguko na 3 za kupandana, kwa hiyo ukanda mmoja unatoa viwili, kila kimoja karibu kilo 3. Usijaribu kumalizia sigiri mwenyewe, udongo wa ndani una mafundi wake na ukikosewa unapasuka kwa moto wa kwanza. Wauzie viwiliwili, kwa bei inayozidi ya skrepa kwa kilo. Shiti yenye zinki usiitumie kabisa, moshi wake ni sumu.

Nakuongezea na shule. Barabara nzima inangoja oda za vitanda vipya kabla ya muhula wa Februari. Wewe nenda likizo zote tatu ukauze ukarabati: vitanda vya ghorofa hupasuka kwenye kiungo cha ngazi na pale ubavu unaposhika mguu. Hesabu vitanda na bwana stoo, toa bei moja kwa kitanda, chukua hela ya vijiti na vyuma mapema kwa sababu shule hulipa karo zikiingia. Uwe na TIN, namba ya mlipakodi. Taasisi zilizoteuliwa na URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, hukata kodi ya asilimia 6 malipo yakizidi shilingi milioni 1. Dai hati ya makato hayo uitumie kwenye ritani yako ya kodi. Wengi hawaidai, na hela yao inabaki huko.