Naomba ushauri: nawezaje kuuona mstari wa zebaki kwenye nyota ya Alpheratz?

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kupiga picha za spektra (mwanga wa nyota uliotawanywa kuwa rangi zake).

Alpheratz ni ile nyota angavu kwenye kona ya mraba mkubwa wa Pegasus, ingawa rasmi ni ya kundi la Andromeda. Kwa macho matupu ni nukta moja nyeupe yenye ubluu kidogo. Kumbe ni nyota mbili zinazozungukana kwa takriban siku 97, umbali wa miaka ya nuru kama 97 kutoka kwetu. Ile kubwa ndiyo inayoninyima usingizi: angahewa yake imejaa zebaki na manganisi kupita kiasi. Gesi yake imetulia, hivyo mwanga unasukuma baadhi ya elementi juu huku uvutano ukizamisha nyingine. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kuwa mabaka ya zebaki usoni mwake hubadilika taratibu, kama mawingu. Mawingu ya zebaki, jamani!

Nina darubini ya kioo ya milimita 200 na kamera. Kuzitenganisha mbili hizo kwa macho najua haiwezekani. Ninachotaka ni mstari wa zebaki (alama nyeusi ambayo zebaki huiacha kwenye spektra) kwenye nanomita 398.4, pembeni kabisa mwa zambarau. Nimejaribu kwa kichujio cha kutawanya mwanga: mistari ya haidrojeni ilitoka vizuri, lakini upande wa zambarau ni giza tupu.

Je, tatizo ni kioo kinachofunika sensa ya kamera? Au lazima nitafute spektrografu (kifaa cha kupiga picha za spektra) yenye mwanya?